Msimsemee Mungu Uongo

Neno la msingi: Ayubu 13:7; Ayubu 38:25–27; Ayubu 42:7–9

Iko dhambi inayoingia kanisani imevaa suti na kukumbatia Biblia, na kwa kuwa imevaa vizuri hakuna anayeisimamisha mlangoni. Ni dhambi ya kumtetea Mungu kwa uongo.

Ayubu aliitambua. Marafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumpa pole, wakaishia kumhubiria, na kila hoja yao ilipopwaya waliongeza chumvi ili Mungu aonekane ameshinda kesi. Katika sura ya 13, mstari wa 7, Ayubu akawageukia, majivu na majipu mwilini, akawauliza kama wameona ni sawa kumnenea Mungu mambo ya udanganyifu. Swali hilo halijazeeka. Leo naliweka mbele ya kanisa, tena juu ya jambo ambalo wengi wetu tungependa litupite kando: mifupa ya dinosaria.

Watoto wetu wanauliza. Mtoto ameona katuni, ameona kitabu chenye picha, na Jumapili ananyoosha mkono: "Mwalimu, dinosaria waliumbwa siku gani? Waliingia safinani?" Nasi tunamjibu nini? Mmoja anasema ile mifupa Shetani aliifukia ardhini ili atupoteze. Mwingine anasema ni plasta tu, Wazungu wameifinyanga wapate kuuza tiketi. Wa tatu anatoa simu, anaonyesha picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mtu yumo shimoni, kando yake fuvu la binadamu kubwa kuliko yeye mwenyewe, haya ndiyo majitu ya Mwanzo 6, anasema, habari imekwisha. Na walio wengi tunamnyamazisha: "Acha maswali ya kipepo, wewe."

Haya, tuyapime majibu yetu kwenye mizani ya patakatifu.

Ile picha ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002, kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha. Shimo ni la kweli: palikuwa pakichimbwa mastodoni, jamaa ya tembo, katika jimbo la New York. Fuvu la mtu lilipachikwa. Wale waliokuwa kwenye mashindano walijua wanacheza. Sisi ndio tuliobandika mstari wa Biblia chini yake na kuisambaza kwa "Amina". Hapo ni nani aliyedanganya?

Nalo la Shetani kufukia mifupa? Mpendwa, umefikiri unachosema? Ukimpa Shetani uwezo wa kutengeneza mnyama mzima, uti wa mgongo pingili kwa pingili, meno yamekaa kwenye mataya yake, umemvika taji la uumbaji. Yohana 1:3 haimwachii nafasi hiyo hata kwa kidole. Kanisa la kale lilipambana na Wamani, waliogawa ulimwengu kati ya muumba mwema na nguvu ya giza, likawakataa. Nasi tunalirudisha fundisho lao kupitia darasa la watoto, eti tunailinda imani!

Kuhusu plasta, ni kweli makumbusho mengi huonyesha nakala. Lakini mifupa yenyewe ipo, na baadhi ya iliyo mikubwa kuliko yote ilitoka kwetu. Twendeni Lindi.

Bara ya mji wa Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu, kiko kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alifika pale akaona mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Nchi ilikuwa imo katika moshi na njaa ya Vita vya Maji Maji. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalileta msafara ulioongozwa hasa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Majina hayo yamo vitabuni. Jembe lilikuwa mikononi mwa babu zetu: mamia ya watu wa kusini, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ndio waliofukua mashimo, wakaifunga mifupa kwa plasta na mianzi isivunjike, na wapagazi wakaibeba mpaka bandarini Lindi. Uzito wote ulipita tani 200. Mfupa mmoja wa mguu wa mbele, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa zaidi ya mita 2. Usimamishwe hapa mimbarini, na hakuna mzee wa kanisa wala mwanakwaya atakayelingana nao. Mnyama mwenyewe, ambaye leo wataalamu wanamwita Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13 na ushei.

Basi mwite yule mpagazi. Mwite aliyetembea njia ile na kipande cha paja la mnyama kichwani, shingo imedidimia kwa uzito, umwambie machoni kwamba alibeba hila ya Wazungu. Wako wanaodai, na wana haki kudai, kwamba mali ile iliondoka nchini kwa mkono wa mkoloni. Hilo tulidai kwa sauti. Lakini huwezi asubuhi kudai turudishiwe mifupa yetu, na jioni kuhubiri kwamba mifupa hiyo haipo.

Na udongo wenyewe wa Tendaguru una ushuhuda. Wachimbaji walikuta tabaka lenye mifupa ya dinosaria. Juu yake mchanga wenye makombe ya baharini. Juu yake mifupa tena. Juu yake makombe tena. Kisha mifupa kwa mara ya tatu. Bahari ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka, na kila ilipoondoka wanyama walirudi wakaishi. Miguu mingine ilikutwa imesimama wima ardhini, vile vile mnyama aliponasa kwenye matope asiweze kujinasua. Gharika moja ya mwaka mmoja haipangi mambo hivyo. Ndiyo maana wanaosoma miamba hiyo na makombe yake wanaihesabia umri wa miaka milioni 150 hivi.

Najua unachotaka kusema. "Mchungaji, Biblia inasema siku sita."

Amina, inasema, na mimi naiamini. Lakini inasema pia kwamba jua liliwekwa siku ya nne, baada ya jioni tatu na asubuhi tatu. Waliosoma kwa makini waliliona hilo zamani sana. Origene wa Aleksandria, katika karne ya tatu, aliuliza siku zile tatu za kwanza zilikuwaje bila jua. Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliandika kitabu kikubwa juu ya sura za kwanza za Mwanzo na kukiri kwamba siku zile si rahisi kuzifahamu. Katika kitabu hicho hicho aliwakemea Wakristo wanaoropoka juu ya nyota na wanyama na mawe mbele ya wasioamini. Alisema hivi kwa ufupi: mtu akikusikia unapotoka juu ya jambo analolijua vizuri, atakuaminije unapomweleza ufufuo wa wafu? Huyo ni Mwafrika, baba wa kanisa, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin kuandika lolote. Hakuna mwanasayansi aliyemtisha. Alimwogopa Mungu, akaogopa kumvunjia heshima.

Na ile hesabu ya miaka 6,000, je? Aliyeitangaza kwa umaarufu ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, mwaka 1650, alipojumlisha vizazi na tawala akapata kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alifanya kazi ile kwa bidii na kwa usomi mkubwa wa wakati wake. Lakini ni hesabu ya Ussher. Hakuna mstari, toka Mwanzo hadi Ufunuo, unaotaja umri wa dunia. Tafuteni.

Tena msidhani elimu hii ilizaliwa na wapinga Kristo. Aliyefundisha kwamba katika miamba iliyolala tabaka kwa tabaka la chini ndilo lililotangulia ni Nicolas Steno, mwaka 1669; mtu huyo baadaye alikuwa askofu Mkatoliki, na mwaka 1988 kanisa lake lilimtangaza kuwa mwenye heri. Dinosaria wa kwanza kupewa jina la kisayansi alipewa mwaka 1824 na William Buckland, kasisi wa Kianglikana. Walienda machimboni na sala midomoni. Buckland alipoona miamba haikubaliani na hesabu aliyozoea, aliacha hesabu, hakumwacha Mungu.

Tangu siku hizo Wakristo wamejibu kwa namna mbalimbali, nanyi mzijue, msije mkadhani iko moja tu. Wapo waliosema kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa Mwanzo pana pengo la nyakati zisizohesabika; fundisho hilo lilienea sana kupitia maelezo ya Biblia ya Scofield ya mwaka 1909. Wapo wanaosema kila siku ni enzi ndefu. Wapo wanaosema sura ile ni tangazo la kifalme: inatuambia nani aliumba na kwa sababu gani, wala haikuandikwa kuwa ratiba. Na wapo wanaoshika siku sita za saa 24 na dunia changa, baadhi yao wakiamini dinosaria walipanda safina. Hao wako wengi miongoni mwa Waadventista Wasabato, na wengi wengine waliupokea msimamo huo kupitia kitabu cha Whitcomb na Morris cha mwaka 1961 juu ya gharika ya Nuhu.

Kwa hawa wa mwisho nasema kwa upendo: ninyi ni ndugu zangu, tutakula mkate mmoja mezani pa Bwana. Sitawacheka, na atakayewacheka mbele yangu nitamkemea. Ila nawasihi mambo mawili. Msiitie nguvu imani yenu kwa picha za kughushi na hadithi za plasta. Na msilifanye fundisho hilo mlango wa mbinguni. Mwizi pale msalabani aliingia peponi siku ile ile, na hakuna aliyemwuliza dunia ina miaka mingapi.

Wengine hupenda kumrushia mwanasayansi swali la Ayubu 38: ulikuwapo wakati misingi ya dunia inawekwa? Wanadhani wamemmaliza. Soma vizuri, mhubiri mwenzangu. Swali lile Mungu hakulielekeza kwa mchimba mifupa. Alimwuliza Ayubu, mcha Mungu, mtu wa maombi, mtu wa ibada. Linatupiga sisi kwanza. Hatukuwapo! Na asiyekuwapo hana budi kunyenyekea na kutazama kilichoachwa.

Lipo lililo zito zaidi, nami silikwepi. Mwanafunzi mwenye akili atauliza: "Ikiwa hao wanyama waliishi na kufa kabla ya Adamu, basi mauti iliingiaje kwa dhambi?" Swali zuri. Soma Warumi 5:12 polepole: Paulo anazungumza juu ya mauti kuwafikia watu wote, kwa sababu wote walifanya dhambi. Wanyama hawakufanya dhambi. Kisha rudi kwa Ayubu, sura ya 38 na 39, umsikie Mungu mwenyewe akijivunia kazi yake. Anauliza ni nani anayemtafutia simba jike windo lake. Anaeleza makinda ya tai yanavyokunywa damu. Zaburi ya 104 inasema wanasimba hutafuta chakula chao kwa Mungu. Bwana haoni haya kwa meno ya simba. Sisi ndio tunaotaka kumwombea radhi. Mauti iliyovunjwa Kalvari ni ile inayomtenga mwanadamu na Mungu wake, na kuishia kaburini bila tumaini. Hiyo ndiyo tuliyoileta sisi, na hiyo ndiyo Yesu aliyoishinda.

Je, na habari za mwanadamu mwenyewe, mafuvu ya Olduvai na nyayo za Laetoli? Hapo pana moto zaidi. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa nchini Kenya walipinga makumbusho ya Nairobi kuyapa masalia ya watu wa kale nafasi ya mbele. Naielewa hofu yao: walitaka kulinda heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini heshima hiyo hailindwi kwa kufunga kabati. Mwanzo 2:7 inasema tulitoka mavumbini, wala haioni aibu kusema hivyo. Papa Pius wa 12, mwaka 1950, aliwaruhusu Wakatoliki kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Angalau hakumwambia mtu afumbe macho. Utu wetu unatokana na Yeye aliyetuita kwa jina, na fuvu lolote litakalofukuliwa kesho haliwezi kuutangua wito huo.

Sasa njooni kwenye kiini cha neno, Ayubu 38:25–27. Mungu anamwuliza Ayubu ni nani aliyepasua mifereji ili mvua inyeshe juu ya nchi isiyo na watu, juu ya nyika ambayo hakuna mwanadamu ndani yake, mpaka majani yakachipuka. Ulishausikia mstari huo ukihubiriwa? Mvua mahali pasipo mtu! Hakuna shamba pale, hakuna mvunaji, hakuna wa kutoa fungu la kumi wala wa kuimba pambio. Na Mungu bado ananyesha. Kwa nini? Kwa sababu anapenda. Kwa sababu ni wema wake kumwagika. Kisha anampitisha Ayubu mbele ya viumbe visivyo na faida kwa mtu: punda-mwitu anayedharau kelele za mji, mbuni anayesahau mayai yake mchangani, Behemothi asiyetikisika mto ukifurika, Lewiathani asiyefungwa kamba ya pua. Wako wanaosema Behemothi alikuwa dinosaria. Sina haja ya kulazimisha hilo. Ninachokiona kimeandikwa ni hiki: Mungu anavifurahia viumbe ambavyo mtu hawezi kuvifuga, kuvila wala kuviamuru.

Basi fikiri Tendaguru kabla ya mtu. Miaka milioni 150 nyuma mvua ilinyesha kule Lindi juu ya nchi isiyo na jina. Mnyama mwenye shingo ndefu kuliko mnazi mchanga alikula majani ya juu, na mwenzake mdogo mwenye miiba mgongoni, Kentrosaurus, akala ya chini. Nani aliwalisha? Nani alizihesabu pumzi zao? Yule yule anayekuhesabia zako! Kolosai 1:17 inasema katika Kristo vitu vyote hushikamana, na Paulo hakuweka mpaka wa miaka. Kabla hajalala horini Bethlehemu, Neno alikuwa Bwana wa Tendaguru.

Kiburi chetu ndicho kinachotaabika hapa, wapendwa. Tulizoea kudhani Mungu alianza kazi tulipofika. Tunaambiwa alikuwa kazini tangu zamani mno, na tunaona kama tumepunguziwa cheo. Ulikuwa na cheo gani? Zaburi ya 8 ilikwisha kuuliza: mwanadamu ni nini hata akumbukwe? Kadiri miaka inavyozidi kuwa mingi, ndivyo rehema inavyozidi kushangaza: kwamba Bwana wa enzi zote hizo alikuja akalia kaburini kwa Lazaro.

Nawe unayetamba kwamba mifupa imemfuta Mungu, nawe sikia. Umepima mfupa, hongera. Tunakushukuru kwa kipimo chako. Lakini hakuna kipimo kinachoweza kukuambia kwa nini pana kitu badala ya utupu, wala kwa nini wewe, mavumbi, unalia ukifiwa. Ukilisemea jambo ambalo chombo chako hakikuonyesha, nawe umekaa benchi moja na Elifazi.

Mwisho wa kesi mnaujua. Ayubu 42:7, Bwana aliwakasirikia wale watetezi wake. Aliwaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake kama mtumishi wake Ayubu, yule mwulizaji, yule mlalamikaji. Wakaamriwa kuleta ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, tena wamwombe huyo huyo waliyemshutumu awaombee. Hilo linanitetemesha kila nisomapo. Mtu anaweza kusimama upande wa Mungu maisha yake yote na bado akahitaji kutoa sadaka ya kuteketezwa kwa ajili ya maneno aliyomsemea.

Kwa hiyo simameni, kanisa! Mzazi, mtoto akikuuliza habari za dinosaria, usimpige kofi la maneno. Sema naye: "Mungu aliwaumba, mwanangu, zamani kuliko tunavyoweza kuhesabu, njoo tusome." Kama hujui, sema hujui; mbingu hazitaanguka. Mwalimu wa shule ya Jumapili, futa hadithi ya Shetani na mifupa kwenye daftari lako leo. Kijana wa kidato na wa chuo, soma jiolojia yako juma zima na Zaburi yako kila asubuhi, na ukifaulu umtukuze Mungu. Tunahitaji wachimbaji wanaosali wa kuendeleza kazi ya mikono ya Boheti. Mchungaji mwenzangu, kabla hujatuma picha ile kwenye kundi, hakiki. Na kama ulikwisha kuituma, rudi kundini ukaseme haikuwa kweli. Na wale tuliowapoteza, vijana waliotoka kwa sababu tuliwalazimisha kuchagua kati ya mfupa waliouona kwa macho na Mwokozi tuliyemwelezea kwa uongo, tuwafuate majumbani mwao, tuwaombe radhi, na kama Elifazi na wenzake, tuwaombe watuombee.

Bwana hahitaji uongo wetu. Anahitaji mashahidi. Amina.